Njia panda ya x na y

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha hisabati Kidato cha Tatu na cha Nne. Naishi Mnazi Mmoja, hapa Lindi, pale barabara inapogawanyika, moja kwenda Masasi na nyingine kwenda Mtwara. Nina shahada ya kwanza ya ualimu, na mwakani nataka kuomba shahada ya pili ya hisabati yenyewe. Niliambiwa nikienda huko bila aljebra komutativi (ile ambayo a mara b ni sawa na b mara a) nitataabika, kwa hiyo nikatafuta kitabu nianze mapema. Nilivyokiona chembamba nikajua kitaisha ndani ya likizo.

Nilianza mwezi wa sita. Sasa korosho zinaingia ghalani na mimi bado nipo sura ya tatu. Shida yangu si mstari mmoja mmoja. Nafuata uthibitisho, nafunga kitabu, nauandika upya na unatoka. Ila ukiniuliza kinachozungumzwa hapo ni kitu gani, sina jibu. Aideali ni seti yenye masharti haya. Aideali tasa ni ile yenye sharti jingine tena. Halafu ikaja lokalaizesheni, na hapo ndipo nilipokwama kabisa. Ni kutengeneza sehemu, a juu ya s, kama zile ninazofundisha. Mimi nimezoea kwamba a/s ni sawa na b/t ikiwa at − bs = 0. Kitabu kinasema haitoshi: tafuta u fulani, miongoni mwa zile zinazoruhusiwa kukaa chini, ambaye u(at − bs) = 0. Huyo u katoka wapi? Nimekaa naye wiki tatu. Nilimuuliza mtu aliyenitangulia akanijibu, "Fasili ni fasili dada, meza tu."

Nilipomwambia rafiki yangu aliyeko Dar kwamba labda nianze na jometri ili nipate picha, akacheka. Anasema michoro ni ya watoto, maliza aljebra kwanza, jometri inakuja juu yake kama paa juu ya ukuta. Mwingine akaniambia hiyo yote ni ya zamani, niende moja kwa moja kwenye skimu, ile lugha mpya zaidi ya jometri ya aljebra. Na mume wangu, ambaye ndiye anayebaki na watoto mimi nikiwa na daftari, ameanza kuuliza hizi x zitatuletea nini.

Niendelee kumeza, au nirudi nianze na michoro? Na huyo u ni nani?

Aliyekwama, Mnazi Mmoja


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu ya huyo u. Mtu anayekaa wiki tatu na herufi moja wala hajachelewa. Mimi huyo u nilimmeza kama ulivyoambiwa, nikaingia naye kwenye mtihani, nikafaulu, nikaishi naye tumboni miaka mingi sijui nimekula nini.

Rafiki yako wa Dar tumalizane naye kwanza. Mpangilio anaousema ni wa vitabu. Mambo yenyewe hayakuzaliwa hivyo. Neno aideali kwa maana hii lilitoka kwa mwanahisabati Dedekind mwaka 1871, naye alikuwa akihangaikia namba. Hilbert alikuja na thiorema zake mbili kubwa, mwaka 1890 na mwaka 1893, mezani kwake kukiwa na polinomia na maswali ya polinomia. Emmy Noether ndiye aliyekusanya hayo yote mwaka 1921 na kuyaandika kwa lugha hii unayoisoma, fupi, isiyo na mfano. Kitabu chako kinakupa mchuzi uliokwisha kuchujwa mara tatu, halafu unajilaumu kwa kutoona samaki. Na huyo mwingine wa skimu, mwambie ahsante, utampitia baadaye. Skimu za mwanahisabati Grothendieck zilijengwa na watu waliokuwa na michoro ya kawaida vidoleni.

Jibu langu ni kwamba urudi kwenye michoro. Lakini si michoro mingi. Mmoja tu, na unao mlangoni.

Unakaa njia panda. Fungua kaunta buku, chora mihimili miwili. Mhimili wa x uwe barabara ya Masasi, wa y uwe barabara ya Mtwara, zikutane hapo penu kwenye (0, 0). Najua Mnazi Mmoja ina njia tatu na hii ya daftarini inazo nne. Ya nne iwe ya shambani. Mchoro wote huo ni mlinganyo mmoja, xy = 0. Sasa kila polinomia ya x na y ichukulie kama kipimo: ukisimama mahali fulani barabarani, inakusomea namba. Polinomia mbili zinazosoma sawasawa kila mahali kwenye barabara hizi, kwetu ni kitu kimoja. Mkusanyiko wa vipimo hivyo ndiyo ringi yetu. (Wapo wanaoiita pete. Mimi pete yangu iko kidoleni, hii naiita ringi.)

Simama kwenye (3, 0). Kusanya vipimo vyote vinavyosoma sifuri hapo. Jumlisha viwili kati yake, bado ni sifuri. Chukua kimoja ukizidishe kwa kipimo chochote cha duniani, hata kinachosoma milioni, bado ni sifuri. Yale masharti mawili ya aideali uliyoyakariri ndiyo hayo, hayana siri nyingine. Nukta moja, aideali moja: (x − 3, y), yaani vipimo vyote vinavyojengwa kwa kuzidisha x − 3 na y kwa chochote na kujumlisha.

Sasa geuza: toa vipimo, uliza ni wapi vyote vinasoma sifuri. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, kwamba aideali ikikua, mchoro unapungua. Waliokaa na wachonga vinyago wa Kimakonde hawawezi kushangaa. Bapa zima ni gogo la mpingo, kila mlinganyo ni pigo la patasi, na ukizidisha mapigo kinyago kinabaki kidogo. Ile thiorema ya Hilbert ya mwaka 1890 inasema kwamba mchoro wowote wa polinomia, hata ukipewa milinganyo isiyo na mwisho, mapigo machache yenye idadi maalumu yangetosha kuuchonga. Hilo ndilo neno "Noetheria" linaloonekana kila ukurasa wa kitabu chako.

Tuje kwenye tasa. Kila mwaka unawaambia wanafunzi wako wakitatua milinganyo: zao likiwa sifuri, mmoja wao ni sifuri. Kwenye njia panda yetu ni uongo. Kipimo x si sifuri, kwa sababu njia ya Masasi kinasoma. Kipimo y si sifuri, njia ya Mtwara kinasoma. Lakini xy ni sifuri kila mahali. Kosa si la aljebra: mchoro una vipande viwili, na kila kipimo kinafia kwenye kipande cha mwenzake. Aideali tasa ni ile ambayo mchoro wake haugawanyiki namna hiyo. Aideali (y) inatupa barabara ya Masasi peke yake, (x) inatupa ya Mtwara peke yake, zote mbili ni tasa, na makutano yao ndani ya ringi yetu ni sifuri tupu, yaani mchoro mzima. Ni kama kuandika 6 kuwa 2 mara 3. Aliyethibitisha mwaka 1905 kwamba aideali za polinomia zinaweza kuvunjwavunjwa hivi ni Emanuel Lasker, na huyo bwana wakati ule alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Alishika taji tangu 1894 hadi 1921. Nalitaja hilo kwa sababu ya mumeo. Kuna watu wana kazi mbili.

Angalia pia kwamba (y) imo ndani ya (x − 3, y). Barabara, kisha nukta juu ya barabara. Hatua moja tu kati ya tasa na tasa, haiwezekani kuchomeka nyingine katikati. Ukifika sura inayopima urefu kwa minyororo ya aideali tasa, kumbuka hatua hiyo, utapita bila kupiga hodi.

Haya, u.

Panda gari la Masasi. Ukiwa hapo Mnazi Mmoja unaona njia zote mbili. Ukifika Nyangao, barabara ya Mtwara iko wapi? Haionekani, na kwa mtu anayeangalia Nyangao na jirani zake tu, haipo. Lokalaizesheni ni hiyo. Mimi huiita kujanibisha: unaamua kuangalia ujirani wa nukta moja, na unaruhusu kugawanya kwa kipimo chochote ambacho hapo hakisomi sifuri, maana pembeni yake pia hakitasoma sifuri. Weka Nyangao kwenye (1, 0). Hapo x inasoma 1, kwa hiyo x anaruhusiwa kukaa chini ya sehemu. Na y? Kwenye barabara yote ya Masasi y inasoma sifuri. Basi ujirani wa Nyangao ukiwa na akili lazima useme y/1 ni sawa na 0/1.

Jaribu kwa kanuni yako ya zamani. at − bs hapa ni y mara 1 toa 0 mara 1, yaani y. Na y kwenye ringi nzima si sifuri, maana huko njia ya Mtwara bado anasoma. Kanuni yako inakataa kitu ambacho macho yako yanakiona. Sasa zidisha kwa x: xy = 0. Huyo ndiye u wako, mwanangu. Kazi yake ni kufuta barabara ambayo umeshaiacha nyuma. Kwenye sehemu unazofundisha darasani hujawahi kumhitaji kwa sababu namba kamili hazina njia panda ya aina hii: pale u akiwa si sifuri na u(at − bs) ni sifuri, at − bs yenyewe lazima iwe sifuri. Alikuwepo siku zote, hakuwa na kazi.

Rudi kwenye kitabu usome ukurasa ule tena. Utakuta umefupika.

Jambo moja zaidi kwenye mchoro huu huu, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipoanza kuipenda habari yenyewe. Kata njia panda kwa mstari x + y = c. Kama c ni 1, unaikata mara mbili, kwenye (1, 0) na (0, 1). Punguza c polepole; nukta mbili zinasogeleana kama watu wanaorudi nyumbani kwa njia mbili tofauti. c ikiwa sifuri, zinakutana hapo penu. Jicho linaona nukta moja. Aljebra je? Badala ya y weka −x, na xy = 0 inakuwa x² = 0. Ringi iliyobaki ina vitu vya namna a + bx, vyenye namba mbili ndani, si moja. Bado inakumbuka kwamba walikuwa wawili. Yupo x ambaye si sifuri lakini kipeo chake cha pili ni sifuri, kile kidudu ambacho kitabu kinakuletea bila kukutambulisha. Na usidhani ni mchezo tu: kwenye ringi hiyo piga hesabu ya (2 + x)³. Inatoka 8 + 12x, mengine yote yanakufa. Hiyo 12 wanafunzi wa Kidato cha Tano wangeitafuta kwa kudiferenshieti x³ pale x ilipo 2. Hapa imejitoa yenyewe, bila limiti.

Sasa tahadhari, maana rafiki yako wa Dar hakukosea yote. Mchoro wa namba halisi hudanganya. Chora x² + y² = 0 unapata nukta moja, chora x² + y² + 1 = 0 unapata karatasi nyeupe, na bado aideali ipo pale, nzima, haijageuka ringi yote. Thiorema ya Hilbert ya mwaka 1893 inatuhakikishia kwamba hilo halitokei ukiwa kwenye namba changamano: kama milinganyo haijagongana hadi kuzaa 1 = 0, basi kuna nukta inayoitimiza yote. Kwa hiyo unachora kwa namba halisi, unafikiri kwa changamano. Na mchoro haujawahi kuthibitisha kitu. Unakuonyesha pa kuchimba. Jembe ni uthibitisho, na mazoezi ya mwisho wa sura lazima uyafanye. Nimewaona waliopenda picha mpaka wakaacha jembe nyumbani. Wanazungumza vizuri sana, na hawawezi kuonyesha kwamba aideali fulani ni tasa.

Tena itafika mahali picha zitakuishia. Chukua namba kamili zenyewe kuwa ringi. Nukta zake ni 2, 3, 5, 7 na wenzao. Namba 12 ni kipimo: kwenye nukta 5 inasoma 2, yaani baki, kwenye 3 inasoma sifuri, kwenye 2 inasoma sifuri mara mbili, kama ule mstari uliopita penu penu. Huwezi kuichora hiyo kwenye kaunta buku, lakini ukiwa umeshazoea njia panda utaisikia. Nadhani huo ndio wakati ambao yule wa skimu anaweza kurudi na ushauri wake.

Unavyofanya kuanzia wiki hii. Rudia sura ya kwanza hadi ya tatu, na kila fasili ipitishe kwenye xy = 0 kabla ya kugeuza ukurasa: hapa inasema nini? Moduli ziruke kwa sasa, zina mlango wao. Ukichoka na njia panda, hamia y² = x³, ambayo ina ncha kali pale kwenye asili. Pakua GeoGebra kwenye simu uione, ni bure. Halafu weka t = y/x. Utaona t² = x na t³ = y, kwa hiyo t amefungwa kwa mlinganyo safi kabisa, T² − x = 0, lakini mwenyewe hayumo kwenye ringi ya mchoro. Onyesha kwamba hayumo. Kisha jiulize mchoro unakuwaje ukimkaribisha ndani. Siku ukilijibu hilo, sura ya tano ya kitabu chako itakuwa inasimulia kitu ulichokiona. Ukimaliza hiyo fanya y² = x³ + x² kwa t yule yule; pale kwenye asili ana thamani mbili, na sikuambii kwa nini.

Ukipata kompyuta, programu ya Singular, iliyoendelezwa Kaiserslautern huko Ujerumani, itakupigia hesabu za aideali bila malipo. Ila mwezi wa kwanza tumia mkono.

Kuhusu mumeo, swali lake ni la haki na usimjibu kwa thiorema. Mpe saa: jioni mbili kwa wiki, na asubuhi ya Jumamosi kabla watoto hawajaamka, siku nyingine kaunta buku lifungwe kweli. Mwambie pia kwamba shahada ya pili ina mwaka wake na ada yake, mkae muihesabu wote wawili sasa hivi, wakati malipo ya korosho hayajatawanyika. Na siku mkipita Nyangao pamoja, muulize barabara ya Mtwara iko wapi.

Ukikwama kwenye t niandikie. Usimmeze.